Mama Mkwe Nyuma ya Pazia

Jumanne, 15 Julai

Nimerudi kutoka Kawangware. Kabla ya kuvua viatu nimekagua mlango, kama kawaida. Bawaba sawa. Matundu yote wazi. Upepo unaingia vizuri. Nimepika ugali nje, nikalimwagia jiko maji, nikasimama hapo mpaka moshi ukakoma. Mama Achieng wa mlango wa pili amecheka. Acheke. Meno ni yake.

Hii ilikuwa mara yangu ya tatu kwa kaunsela. Anaitwa Mercy. Nilitegemea mama mzima mwenye miwani, nikapata dada mdogo kuliko mimi, amesuka rasta hadi mgongoni. Chumba kiko nyuma ya kanisa moja la mabati. Nilikubali Kawangware kwa sababu hapa Kibera hata ukikohoa Kambi Muru, kesho Soweto East wanakuuliza kifua kinaendeleaje.

Kazi yake ni kuuliza. Leo ameuliza ningependa tuanzie wapi. Mimi mtu akiniletea dirisha lililopinda simuulizi nianzie wapi. Nalinyoosha. Ati hana dawa moja ya watu wote. Ati tutapanga pamoja, kwa sababu yeye amesomea akili za watu lakini mimi ndiye naijua yangu. Maneno matamu. Kama ninaijua, kwa nini nimetembea mpaka Kawangware?

Hapo pana kitu. Aliyenipa jina la mahali ni Linet, mke wangu. Alimchukua binti yetu Shantel mwezi wa tano, akaenda kwa dada yake kule mtaa wa Satellite, akasema atarudi nikishaongea na mtu aliyesomea. Si pasta, si wazee. Tena akanitajia chumba chenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako. Sitasema mengi pale.

Jumatano, 16 Julai

Kazi Soweto East. Mlango wa chuma wa duka. Nimeacha nafasi ya vidole viwili chini na tundu juu. Mwenye duka akalalamika panya wataingia. Nimemwambia panya hajawahi kuua mtu usingizini. Ameniangalia vibaya. Amechukua mlango lakini hatarudi, najua.

Tangu Makokha sitengenezi mlango usiopumua.

Makokha tulikuwa tunachomelea pamoja. Baridi ya Julai mwaka jana aliingiza jiko la makaa ndani, akaziba chini ya mlango na gunia, akalala. Asubuhi wakaniita mimi kwa sababu nina grinda. Nilikata kitasa. Alikuwa amelala vizuri kabisa, ubavu, mkono chini ya shavu. Hilo ndilo linanikera hadi leo. Hakuwa na sura ya mtu aliyekufa.

Wiki ile ile nikatoboa mlango wangu. Kwanza juu. Halafu chini. Halafu nikaendelea.

Ijumaa, 18 Julai

Nimempigia Linet. Shantel kachukua simu, anasema kwa auntie kuna blanketi ya simba na hakuna baridi. Nani amemfundisha kusema hakuna baridi? Ana miaka minne.

Nimeuliza kama dada yake anaingiza jiko ndani. Linet akasema hapana. Nikauliza kama ana hakika. Akasema nimpe salamu Madam Mercy.

Salamu za nini? Wanajuana?

Jumanne, 22 Julai

Balaa.

Tulikuwa tumeketi. Mama wa usafi akabisha akitaka ufunguo, kaunsela akamjibu kwa Kiluhya. Kiluhya cha kwetu, si cha mbali. Nikauliza nyumbani ni wapi. Hakutaka kusema sana, ati leo ni siku yangu. Mimi nikashikilia. Basi akasema baba yake ni mtu wa Butere. Nikauliza ukoo. Akataja.

Ni ukoo uleule uliomzaa mama yake Linet. Kwa hesabu ya nyumbani huyu dada mwenye rasta ni mama mdogo wa mke wangu. Ni mama mkwe wangu.

Na mimi nimemsalimia kwa mkono kila wiki! Nimeketi naye chumba kimoja tukiangaliana macho kwa macho. Kwetu mwanamume na mama mkwe hawapeani mkono. Hawaketi pamoja. Ukimwona njiani unaacha njia. Mama yake Linet mwenyewe, tangu nioe, sijawahi kumwona meno.

Nilisimama. Nikamwambia nikiangalia ukuta. Alianza kucheka, halafu akaona sicheki, naye akaweka mkono mdomoni. Amezaliwa hapa Nairobi lakini anajua. "Aki woi. Kumbe wewe ni mkwe wangu," akasema.

Nimetoka kinyumenyume. Nimegonga mlango na kichwa.

Jumatano, 23 Julai

Sijafanya kazi. Nimempigia baba mdogo Butere. Nimemwambia ni mtu wa ofisi tu, sikusema ofisi gani. Nimeuliza kama akiwa mdogo kwangu inahesabika. Akasema, "Huyo ni mama. Hata angekuwa ananyonya, huyo ni mama." Akauliza kama nilimshika mkono. Nikakata simu, nikasema network.

Sasa nafikiri. Nairobi ina makaunsela wangapi? Na Linet ananitajia huyu. Wa ukoo wa mama yake. Hayo si bahati. Wamenipeleka nikaketi mbele ya mkwe nimwage siri, halafu zirudi kwao, halafu wazee waitwe, iamuliwe kwamba mimi Bonface nina wazimu na mtoto abaki kwa kina mama yake. Dalili ya mvua ni mawingu.

Shantel simwachi. Wajaribu.

Jumanne, 29 Julai

Nilienda kusema kwaheri tu. Nilisimama nje, uso kwa barabara, nikaongea na mlango. Nikasema mambo yameisha.

Yeye akabaki ndani. Hakubembeleza. Akasema kuna kaunsela mwanaume anakuja Alhamisi, nikitaka ataniandikisha kwake leo leo. Akasema hamjui Linet, hajawahi kumwona mama yake, lakini ukoo ni ukoo na hawezi kuupuuza kama mimi siupuuzi. Halafu akauliza swali. Siku zote swali. Nyumbani mama mkwe akiwa na neno kubwa la kumwambia mkwe, wanafanyaje?

Nikamwambia. Mmoja anakaa ndani, mwingine nje, ukuta katikati. Au pazia.

Kile chumba kina stoo ndogo ya kuweka viti vya kanisa, na kwenye mlango wake pana pazia la maua. Akaingia huko na kiti chake. Akaniita niingie nikae upande huu. Akasema uamuzi ni wangu: pazia, au yule wa Alhamisi, au niende zangu nyumbani. Akasema pia ana mkubwa wake anayemsimamia na itabidi amweleze habari ya pazia, lakini si habari za nyumba yangu. Basi tayari tumekuwa watatu.

Niliingia. Nitasema ukweli, niliingia ili niwakamate. Mtu akidhani umemwamini ndipo anateleza.

Tukaongea na pazia katikati. Kijinga kabisa. Nikajikuta nimemweleza habari ya Makokha na ile grinda. Ule mkono chini ya shavu. Sikupanga. Nikiwa naye uso kwa uso nilikuwa naangalia saa ya ukutani. Leo sikuwa na pa kuangalia, ni maua tu.

Alipouliza nataka nini, nikajibu haraka: Linet na Shantel warudi. Akauliza kwa maoni yangu ni nini kinawazuia. Nikasema mlango. Akauliza uko vipi. Nikamwambia ukisimama nje usiku taa ikiwaka, unafanana na chujio. Alicheka. Na mimi nilicheka, halafu nikajikasirikia.

Ijumaa, 1 Agosti

Anafanya nini nyuma ya lile pazia? Simsikii akiandika. Simsikii akisonga. Mtu hawezi kukaa kimya hivyo bila kazi nyingine. Anarekodi. Simu siku hizi inarekodi ikiwa mfukoni.

Jumanne ijayo nitamtegea.

Jumanne, 5 Agosti

Nimemtegea hivi. Nimechagua jambo ambalo hakuna mtu duniani analijua, hata Linet. Likitokea mahali popote, mwizi amepatikana.

Nimemwambia kwamba tangu Makokha, Shantel akilala namwekea mkono kifuani. Nasikiliza kama kinapanda. Kikipanda narudi kulala. Halafu naanza kufikiri labda kile nilichosikia ni mapigo yangu mimi, naamka tena. Kuna siku hulala sana na sisikii kitu, namtikisa, anaamka analia, najifanya ni ndoto imemwamsha.

Nilianza kama mtego. Nilipofika hapo pa kumtikisa sauti ikakataa kutoka. Nilikaa nikilia kama mtoto mbele ya pazia la maua. Mwanamume mzima. Na mama mkwe anasikia! Aibu hiyo sijui nitaipeleka wapi.

Hakusema pole pole pole kama wengine. Nikainama, nikajifanya nafunga kamba za kiatu, nikachungulia chini ya pazia nione ile simu. Niliona miguu yake. Alikuwa amevua viatu. Vidole vimekunjwa kwenye ile simiti ya baridi. Simu haikuwepo. Labda ilikuwa mapajani.

Jumapili, 10 Agosti

Nimewakamata.

Nilienda Satellite baada ya kanisa. Nilibeba maembe. Shantel alinirukia shingoni. Linet alikuwa mchangamfu, akanipa chai, akaniambia nimeanza kufanana na mimi wa zamani. Niliingia kila chumba kuangalia madirisha. Dada yake alikunja uso. Nikasema basi warudi, baridi inaisha.

Linet akasema, "Bado, Baba Shantel. Huku angalau mtoto analala. Hakuna mtu anamwamsha na mkono kwa kifua usiku mzima."

Siri yangu ya pazia, kinywani mwake.

Niliweka kikombe chini. Nilitoka bila kuaga, Shantel ananiita, sikugeuka. Nimetembea mpaka Kibera kwa miguu. Sikumbuki njia.

Jumatatu, 11 Agosti

Nilijua. Nilijua tangu siku ya kwanza.

Siendi kazini.

Jumanne, 12 Agosti

Nilienda. Lazima mtu aambiwe.

Sikuketi. Nilimwambia yote kupitia pazia. Kwamba ni mwongo. Kwamba amekula kiapo cha kunyamaza na mkono mwingine anaandikia dada zake wa ukoo. Kwamba nilimtegea na ameingia mwenyewe. Nilipiga kelele, nadhani hata waliokuwa wakifagia kanisa walisikia. Nilitaka abishane. Mtu akibishana unajua pa kumshika.

Alingoja nikamaliza. Akasema, "Sijaongea na Linet. Lakini ukweli ni kwamba huwezi kujua hilo kwa kuniamini tu, na sikuombi uniamini." Halafu akasema anashukuru nimekuja kumwambia badala ya kupotea. Halafu, Mungu wangu, akauliza swali. Kama si yeye aliyemwambia, ni njia gani nyingine ambayo Linet angeweza kujua?

Nikasema hakuna. Kila nilipoamka nilikuwa nahakikisha Linet amelala.

Akauliza nilihakikishaje.

Nikasema alikuwa ametulia. Ubavu. Mkono chini ya shavu.

Nimeandika hayo hapo juu na sasa nayaangalia. Ni vile vile alivyolala Makokha, na sura ile ilinidanganya. Mwishowe akauliza ningependa kufanya nini, nikamwambia nitamuuliza Linet mwenyewe. Akauliza nitauliza vipi bila vita. Tukayapanga maneno, moja moja, yeye huko mimi huku. Ya kwanza niliyotaja alisema yanafanana na ya askari. Akaniambia nitafute mengine.

Bado sijamwamini. Lakini hajanizuia kwenda kuuliza. Mwizi angenizuia.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimetoka Satellite sasa hivi. Sijui niandike vipi.

Tuliketi nje kwenye ngazi. Shantel alikuwa anacheza na watoto wa ploti. Nilisema yale maneno tuliyopanga, nikayachanganya. Nilimuuliza tu: habari ya mkono, uliijuaje?

Linet aliniangalia kama mtu aliyeulizwa rangi ya sukuma wiki.

"Si nilikuwa macho."

Nikasema mara gani.

"Zote, Bonface. Ulidhani kuna mtu anaweza lala kwa hiyo nyumba? Ukiamka naamka. Ukirudi kulala nangoja. Ukishakoroma ndio mimi nakuekelea mkono. Nisikie kama wewe unapumua."

Nikauangalia mkono wake.

Akaendelea, anaangalia mtoto, haniangalii mimi. Kwamba baada ya Makokha niliacha kula, na siku moja nililala bila kukoroma, akaogopa. Kwamba alikuwa ananishika kifua kila usiku hadi alipoondoka. Kwamba aliondoka kwa sababu watu watatu wa nyumba moja hawawezi kuchungana usiku kucha na mmoja wao ana miaka minne. Jina la kaunsela alipewa na mama wa kliniki alipompeleka Shantel na kikohozi. Mercy hajawahi kumwona. Salamu zilikuwa salamu tu.

Nimemwambia Mercy ni wa ukoo wa mama yake. Na habari ya pazia. Na kwamba nilitoka kinyumenyume nikagonga kichwa. Linet alicheka hadi akashika ukuta, watoto wakaacha mchezo kumwangalia. Sijamsikia akicheka hivyo tangu mwaka jana.

Nilifikiri mimi ndiye mlinzi peke yangu nyumba nzima. Nilikuwa nawashuku wote, na aliyekuwa macho kila mara nilipokuwa macho ni huyu. Nina aibu. Pia nina furaha, na sijui zinakaaje pamoja.

Jumanne, 19 Agosti

Nilimwomba Mercy msamaha. Nililiomba pazia. Akasema kushuku kulinisaidia kukaa macho siku mbaya, si adui, ila sasa tukupunguzie zamu. Hilo nimelipenda.

Leo tumepanga habari ya mlango. Nilidhani ataniambia ziba yote. Aliuliza tundu gani ni la akili na gani ni la hofu. Fundi ni mimi, nikajibu. La juu na la chini ni la akili. Hayo hayazibwi, na jiko haliingii ndani, milele, hata Linet akilalamika. Akakubali, akasema hata kwake ni hivyo. Mengine ni ya hofu.

Akauliza nitayafungaje. Kuchomelea moja kwa moja nilikataa. Basi nikapata wazo. Vipande vidogo vya bati, kila kimoja na msumari juu, kinazunguka. Unafunga, na ukishindwa unafungua. Nitaanza na machache. Alisema hajawahi kulisikia hilo popote. Nilijivuna, siwezi kukataa.

Nikamuuliza kama nikiendelea vizuri tutatoa pazia. Akasema uamuzi ni wangu. Nikafikiri. Nimesema libaki. Heshima ni heshima, na pia nimelizoea.

Jumatano, 27 Agosti

Vibati vyote vimekaa. Vya kwanza nilivifunga, nikavifungua, nikavifunga. Jana nilivifungua vyote saa za baridi kali na sikujisikia mshindi. Leo nimefunga vingi na nimelala kidogo.

Mama Achieng ameuliza kama ni urembo. Anataka wa kwake.

Jumapili, 31 Agosti

Walirudi jana jioni. Dada yake Linet alibeba mizigo, akakagua mlango, akagusa kibati kimoja kikazunguka, hakusema kitu. Shantel amegundua vile vilivyo kimo chake. Anafungua, anachungulia nje, anafunga. Amenisumbua navyo mpaka akalala na blanketi ya simba.

Linet alifunga vibati vilivyobaki. Sikumzuia. Aliniuliza kwa macho nikaitikia.

Sikupanga nitafanya nini usiku. Mercy alikuwa ameuliza, nikasema sijui, akasema hata kutojua ni sawa.

Nimeamka mara moja tu, kumekucha. Kengele ya kanisa ilikuwa inapigwa na mtu alikuwa anamimina maji kwenye mtungi huko nje. Shantel alikuwa anakoroma kidogo, ana mafua. Linet amelala, mdomo wazi, usingizi wa kweli, si ule wa kutulia.

Mkono wake ulikuwa kifuani mwangu. Nimeuacha hapo hapo.